Dume na jike wa geko: ziara fupi, kuishi pamoja, au dume mmoja na majike kadhaa?

Kila Januari, huku Ulaya baridi ikiwa bado inauma, simu yangu huanza kupokea swali lile lile kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaofuga mijusi aina ya geko, kuanzia Uingereza na Minnesota hadi Maskati: "Dume nimeshampata. Namtia tu tangi moja na jike wangu, au kuna utaratibu wake?"

Majibu wanayopewa huwa matatu. Wapo watakaokwambia uwakutanishe dakika chache kisha uwatenganishe. Wapo watakaokwambia uwaache waishi pamoja kama mke na mume. Na wapo wanaomweka dume mmoja na majike watatu au wanne kwa msimu mzima. Njia zote tatu huleta mayai, hilo halina ubishi. Zinapotofautiana ni kwenye hali ya jike baada ya mayai kutoka. Nimezitumia zote tatu, na siwezi kujifanya sina upande: mzigo wa uzazi anaubeba jike peke yake, kwa hiyo kipimo changu ni uzito wake, ngozi yake na utulivu wake.

Ninayemzungumzia zaidi hapa ni geko chui, kwa sababu ndiye anayefugwa na wengi. Ni jamaa wa mjusi kafiri wa ukutani kwetu, ila asili yake ni nchi kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Hapandi ukuta, maana vidole vyake havinati. Ana kope zinazofumba na kufumbua, na mkia mnene anaowekea akiba ya mafuta. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Najua kwetu wengi tumelelewa kumfukuza mjusi kafiri kwa kandambili, na ndugu zangu bado wananiuliza nimeona nini kwa mijusi. Nimeona mnyama mpole ambaye akisikia kopo la chakula likifunguliwa hutoka mafichoni na kuja kusimama kwenye kioo.

Kabla ya kuchagua njia yoyote

Hakikisha kwanza kuwa ni dume na jike kweli. Miaka iliyopita muuzaji mmoja aliniuzia "jike" wa miezi minne. Nilimlea hadi akakomaa, nikamweka na dume wangu, na ndani ya dakika moja wakashikana kwa meno. Walikuwa madume wawili. Mmoja alipoteza mkia usiku ule, na mwingine alibaki na kovu juu ya jicho. Mkia wa geko chui huota tena, lakini unaoota huwa mfupi, mnono na laini kama kiazi, na ile akiba yote ya mafuta huwa imekwenda.

Kumkagua si kazi ngumu. Mwache atembee juu ya kipande cha kioo au ndani ya kopo linaloonyesha, kisha mmulike kwa tochi kutoka chini. Dume ana safu ya vitundu juu kidogo ya tundu la haja, vimepangwa kama herufi V iliyogeuzwa, na kila kimoja kina chembe ya kitu kama nta. Nyuma ya tundu hilo, mkia unapoanzia, kuna vinundu viwili vilivyokaa sambamba. Jike anaweza kuwa na alama hafifu za V hiyo, ila vitundu havijafunguka na vinundu havipo. Kabla ya miezi sita usimwamini mtu anayekuapia jinsia.

La pili ni uzito. Jike wangu hamwoni dume kabla hajapita mwaka mmoja na hajafika gramu 50. Wapo wanaoanza kwenye 45, lakini mimi sikubali, kwa sababu jike wa kwanza kutaga akiwa mdogo huchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Mzani wa jikoni wa kidijitali unatosha. Mweke kwenye kopo la plastiki, pima kila wiki, andika. Daftari langu la uzito limeniokolea wanyama wengi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

La tatu ndilo linalorukwa na wengi: karantini. Geko mgeni, hata akiwa mzuri namna gani, hukaa chumba kingine miezi miwili hadi mitatu, juu ya karatasi za jikoni, na vyombo vyake peke yake. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidia kinachokaa tumboni mwa geko chui. Mnyama hula lakini anakonda, hutapika, na mkia wake mnene husinyaa hadi ukawa kama kijiti. Dawa ya kukitoa kabisa haipo. Peleka choo chake kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, tena zaidi ya mara moja, maana kimelea hakitoki kila siku. Ukinunua kwenye maonyesho makubwa ya reptilia kama yale ya Hamm, Ujerumani, ambako maelfu ya wanyama hukaa chini ya paa moja kwa siku nzima, usithubutu kufupisha muda huu.

La nne ni damu. Rangi nyingine za geko chui zimebeba maradhi ndani yake. Wenye asili ya Enigma wengi huzunguka ovyo na kupinda shingo, na wengine hukosa shabaha ya kukamata chakula. Wenye Lemon Frost, wale wa manjano ya kung'aa, hupata uvimbe wa seli za rangi ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha hali hiyo na jeni ya SPINT1, na katika kundi lililochunguzwa zaidi ya asilimia 80 ya waliokuwa na asili hiyo walipata uvimbe. Kama mmoja wa wawili wako ni wa asili hizo, hakuna njia ya kukutanisha iliyo sahihi. Usiwakutanishe. Jambo jepesi kuliko hilo: albino wa Tremper, wa Bell na wa Rainwater ni asili tatu tofauti, hivyo ukichanganya mbili usishangae watoto kutoka na rangi ya kawaida.

Njia ya kwanza: ziara fupi

Kila mmoja ana tangi lake. Jioni unamchukua mmoja, unampeleka kwa mwenzake, unakaa hapo hapo ukitazama, kisha unamrudisha kwake. Ni hivyo tu, lakini nieleze jioni moja ilivyokuwa, kwa sababu ukishajua cha kutazama hofu yote huisha.

Zafarani, jike wangu wa gramu 61, nilimweka kwenye tangi la Simsim, dume wangu, saa mbili usiku. Wote wawili walikuwa wameshakula jana yake, na nyenje wote wa chakula nilikuwa nimewatoa ndani, maana nyenje aliyebaki huwang'ata wanyama wanaposhughulika. Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Simsim alitoa ulimi, akaonja hewa, akaonja kigae. Halafu ncha ya mkia wake ikaanza kutetema kwa kasi, na kwa kuwa ilikuwa inagusa kigae sauti ilitoka kama mtu anayetikisa kiberiti kilichobakiwa na njiti chache. Sauti hiyo ndiyo posa yake. Akamsogelea, akamshika kwa mdomo kwenye shina la mkia, akapanda ubavuni kidogo kidogo hadi ngozi ya shingo. Zafarani alisimama tuli, akainua mkia. Simsim akaupitisha wake chini, wakatulia. Haikufika dakika mbili. Wakaachana, kila mmoja akajipinda kujilamba.

Jike asiyetaka ana mkia wake naye, na hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Mkia wa dume *unatetema*, haraka, ncha tu. Mkia wa jike anayekataa *unapepea*, polepole, wote mzima, kama wa paka aliyeona ndege. Anaweza pia kuinua mwili juu ya miguu, kupiga kelele fupi, au kugeuka na kung'ata. Ukiona mkia unapepea na dume bado anasonga mbele, ingiza mkono au kipande cha kadibodi kati yao na umtoe mgeni. Usiseme "watazoeana." Subiri siku tano au wiki, jaribu tena. Mara nyingi si kwamba hamtaki dume huyo, ila mwili wake haujawa tayari. Ukimmulika tumboni kwa tochi na kuona viduara vyeupe-waridi ndani, kila upande kimoja, siku yake imekaribia.

Kumng'ata shingo ni kawaida. Alama nyekundu ndogo hupotea baada ya siku mbili tatu. Ngozi iliyochanika, damu inayotiririka, au dume anayekataa kuachia si kawaida. Na mtazame dume baada ya tendo: kiungo chake kinatakiwa kirudi ndani mara moja. Kikibaki nje, kilowanishe kwa maji safi kisikauke, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Ziara mbili au tatu ndani ya wiki moja zinatosha. Hili watu hawaliamini mpaka walione wenyewe: jike wa geko chui huhifadhi mbegu za dume mwilini, na kupandwa kwa siku chache kunaweza kurutubisha mikupuo kadhaa ya mayai katika msimu ule. Hakuna sababu ya kumrudisha kwa dume kila baada ya mkupuo.

Faida nyingine ya njia hii ni tarehe. Nikiandika "Februari 11, saa mbili na robo," najua kwamba mayai ya kwanza yatakuja kati ya wiki tatu na nne baadaye, na naandaa kopo la kutagia mapema. Hasara yake ni matangi mawili, mikeka miwili ya joto na thamostati (vidhibiti joto) mbili, na jioni zako kadhaa za kukaa macho kwenye kioo. Kwa mwenye jike mmoja au wawili, gharama hiyo si kubwa.

Njia ya pili: kuishi pamoja

Hii ndiyo niliyoanza nayo, kwa sababu nilikuwa na tangi moja na sikuwa nimeuliza mtu. Jike wangu wa kwanza, Mdalasini, aliingia na gramu 58. Wiki mbili za mwanzo niliona raha. Walilala pango moja, mmoja kichwa kimemlalia mwenzake mgongoni, nami nikawapiga picha nikidhani ni mapenzi. Sasa najua kwamba wanyama hawa hurundikana pale penye joto zuri kwa sababu wote wanalitaka joto hilo, na aliye juu mara nyingi ndiye mwenye nguvu.

Wiki ya sita shingo yake ilikuwa na vigaga ambavyo havikupata nafasi ya kupona. Alikuwa anatoka kula dume akishalala tu. Wiki ya kumi mzani ulisoma gramu 44. Mayai yalikuja, naam, mikupuo mitatu, na mawili ya mwisho yalikuwa na ganda jembamba lililonywea siku ya pili. Nilimtenga, na ilinichukua miezi minne kumrudisha kwenye uzito wake. Hakuzaa tena, kwa uamuzi wangu.

Wanaoitetea njia hii husema tangi likiwa kubwa na mapango yakiwa mengi hakuna shida. Tangi kubwa hupunguza shida, kweli, lakini haliiondoi. Dume wa geko chui hana siku ya mapumziko msimu ukianza, na jike hana pa kwenda. Na kwa kuwa mbegu huhifadhiwa, kila kero inayozidi zile siku chache za mwanzo haimwongezei yeye wala wewe chochote. Kwa geko chui siipendekezi hata kidogo. Kuna geko wengine ambao kwao hukumu hii hugeuka, nitafika huko.

Njia ya tatu: dume mmoja na majike kadhaa

Wafugaji wakubwa wengi huitumia. Tangi pana au beseni refu la plastiki, majike watatu au wanne waliozoeana na wanaolingana kwa ukubwa, na dume huingizwa msimu ukianza na kutolewa ukiisha. Usumbufu wa dume hugawanyika, hivyo hakuna jike mmoja anayeelemewa kama Mdalasini wangu.

Lakini majike nao wana vyeo. Yupo atakayelala penye joto kila siku na yupo atakayesukumwa kwenye ubaridi, na geko asiyepata joto tumboni hasagi chakula. Bila kupima kila mmoja kila wiki hutamjua mpaka mifupa ya nyonga imeanza kuonekana. Ugonjwa ukiingia, umeingia kwa wote. Na ukikuta mayai mawili kwenye kopo asubuhi, ni ya nani? Kwa mtu anayefuatilia asili za rangi, au anayetaka kujua jike gani hutoa watoto dhaifu, swali hilo ni zito. Niliitumia msimu mmoja na majike watatu. Watoto walitoka wazima, ila nusu yao niliwagawa bila kuweza kusema mama yao ni nani, na jambo hilo bado linanikera.

| | Ziara fupi | Kuishi pamoja | Dume na majike kadhaa |
|---|---|---|---|
| Matangi | Mawili | Moja | Moja kubwa, na la akiba |
| Tarehe ya kupandana | Unaijua | Unakisia | Unakisia |
| Mama wa mayai | Anajulikana | Anajulikana | Hajulikani kwa hakika |
| Uzito wa jike | Rahisi kuulinda | Hushuka | Hutegemea cheo chake kundini |
| Kazi yako | Jioni chache | Kuchungulia kila siku | Kuchungulia na kupima wote |

Nani aende kwa nani?

Hapa wafugaji wazuri wanatofautiana kwa heshima. Mimi humpeleka jike kwa dume. Dume akiwa kwake harufu zote ni zake, hana cha kuchunguza, na humgundua mgeni mara moja. Nikimpeleka yeye kwa jike, robo saa nzima huipoteza akilamba kila jiwe.

Ila nina jike mmoja mwoga ambaye akibadilishiwa hata bakuli la maji hagusi chakula siku mbili. Huyo dume ndiye humfuata, nami humtoa dume kwa kopo, si kwa mkono, kwa sababu dume aliyepandwa na mori anaweza kung'ata kidole bila kujua ni cha nani. Tangi la tatu lisilo la yeyote nimelijaribu mara mbili. Wote wawili walitafuta pa kujificha na hawakuangaliana.

Geko kishungi: ziara, lakini ndefu kidogo

Geko kishungi wa visiwa vya Kaledonia Mpya, bahari ya Pasifiki, yule mwenye kope za miiba ambaye wataalamu walidhani ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994, anafanana na geko chui kwa jambo moja kubwa: jike huhifadhi mbegu, tena kwa miezi mingi. Anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai muda mrefu baada ya dume kuondoka. Kwa hiyo siku chache za kukaa pamoja, tena kwenye tangi refu la wima lenye majani mengi ya kujificha, zinatosha kwa mwaka mzima. Uzito wa jike usiwe chini ya gramu 35.

Tofauti mbili uzizingatie. Dume wake hung'ata kwa nguvu zaidi na hushikilia kishungi na shingo, utaona magamba machache yametoka. Na mkia wa geko kishungi ukikatika hauoti tena, basi. Joto lake ni la chumba, nyuzi 22 hadi 26. Ukimweka kwenye joto la geko chui unamuua. Baada ya miezi minane tisa ya kutaga mkupuo mmoja kila wiki nne hadi sita, jike anahitaji baridi kidogo na upweke ili mwili ufunge kazi.

Geko wa buluu wa Kimboza: hapa kuishi pamoja kunafaa

Huyu ni wetu, na siwezi kumpita haraka.

Lygodactylus williamsi anaishi kwenye msitu wa Kimboza na maeneo machache jirani, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na pengine popote duniani hayupo. Hifadhi yenyewe ya Kimboza ni takriban kilomita za mraba 4. Huishi juu ya aina ya mkadi wa msituni, hushinda nje mchana, na mwili mzima hauzidi sentimita 8 au 9. Dume aliyetawala mti wake ni wa buluu ya kung'aa na koo jeusi. Jike ni wa kijani chenye shaba. Dume mchanga au aliyeshindwa naye huvaa rangi ya kijani kama jike, jambo linaloponza wengi wakati wa kununua "majike".

Kwao dume mmoja na jike mmoja hukaa pamoja vizuri kwenye tangi la wima lenye mianzi na taa ya miale ya UV. Dume huonyesha koo, hujibanisha ubavu na kutikisa kichwa, na jike asiyetaka huhamia upande wa pili wa mwanzi, mambo yakaisha. Mayai, moja au mawili, hugandishwa kwenye jani au ndani ya mwanzi, na ukijaribu kuyabandua yanavunjika. Yaache hapo uyafunike kwa kikombe chenye matundu. Kumhamisha hamisha mnyama mdogo hivi kwa ziara ndiko kunakomdhuru. Kitakachokutesa ni madume wawili kuwekwa pamoja, au watoto waliokomaa kuachwa na baba yao.

Lakini kabla hujavutiwa na rangi hiyo, jua imetoka wapi. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya geko 32,000 msituni, na mikadi ilikatwa ili kuwafikia waliojificha kwenye makutano ya majani. Mwaka 2012 aliwekwa kwenye kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tanzania ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na tangu Januari 2017 geko huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, penye ulinzi mkali kuliko vyote. Mwenye naye Ulaya au Marekani anatakiwa awe na karatasi zinazoonyesha amezaliwa mikononi mwa mfugaji. Ukiuziwa bila karatasi, kwa bei ya kutupa, huyo kaibwa kwetu. Mwache, na utoe taarifa. Na kwa mlioko Tanzania na Kenya: wanyamapori hawafugwi bila kibali, hata akiwa mdogo kama kidole.

Baada ya kupandana

Turudi kwa geko chui. Jike akishapandwa chakula kiongezwe: nyenje, mende wa dubia, funza wa unga, wote wakipakwa unga wa kalsiamu, na bakuli dogo la kalsiamu tupu libaki ndani muda wote. Sehemu ya joto ya sakafu iwe nyuzi 31 hadi 33. Mwekee kopo lenye mfuniko uliotobolewa mlango, ndani kuwe na kuvumwani au vamikulaiti (chembe za madini zinazoshika maji) yenye unyevu wa kukamulika tone moja au mawili, si zaidi.

Ukiwahi kuhamisha kabati la zamani nyumbani utakuwa umeyaona mayai ya mjusi kafiri: mawili, meupe, magumu kama peremende. Ya geko chui nayo ni mawili, lakini ganda lake ni laini, kama ngozi iliyolowa. Yachukue bila kuyageuza, weka alama juu kwa kalamu ya risasi, uyatie kwenye kiangulio. Joto la kiangulio ndilo litakaloamua jinsia: kwenye nyuzi 26 karibu wote hutoka majike, kwenye 32 na nusu wengi ni madume, na ukipanda hadi 34 majike hurudi kuwa wengi. Huchukua takriban miezi miwili, hupungua joto likiwa juu.

Mkupuo mwingine hufuata baada ya wiki mbili hadi tatu, na jike mmoja anaweza kutaga mara sita au nane kwa msimu. Fanya hesabu hiyo kabla ya ile jioni ya ziara, si baada yake. Ni watoto 12 hadi 16, kila mmoja akihitaji kopo lake, na kila mmoja akiwa na miaka 15 au zaidi mbele yake. Kama majina ya watu watatu wanaowataka kweli hayakujii kichwani, yatie kwenye friza mayai yanayozidi siku yanapotagwa. Mimi hufanya hivyo baada ya mkupuo wa nne, na jike hupumzika akiwa bado ana mkia mnene.

Ikipita siku 35 tangu kupandana bila mayai, mmulike tumboni. Ukiona maumbo mawili marefu meupe na jike anachimba chimba, hali, amelegea, mayai yamekwama: nenda kwa daktari leo, usingoje kesho. Usipoona kitu, na uzito haujashuka, mpe ziara nyingine moja. Akikataa tena kwa kupepea mkia, Zafarani alinifanyia hivyo mwaka mmoja mzima, mrudishe kwake umwache hadi Januari ijayo.